Kizuizi cha Kahawa

Adelard Niyonsenga hawezi kuona nyumba akaiacha salama. Ni fundi mwashi, anaishi Nkwenda, na ukimpeleka msibani atatoa pole vizuri, kisha utamkuta nyuma ya nyumba ya wafiwa anagonga ukuta kwa kidole, anasikiliza kama tofali ziliiva. Huyo ndiye mwanaume niliyekubali kuolewa naye nikiwa na miaka arobaini na nane, mjane wa miaka tisa, mwenye kibanja changu cha migomba na kahawa hapa Ihembe na akili zangu timamu. Wanaouliza tulikutanaje huwa nawaambia ukweli: alikuja kunijengea choo. Choo cha siku nne, akakijenga wiki tatu. Wiki ya pili ndiyo nilianza kumwekea chai kwenye kikombe cha wageni.

Mtu wa kuombwa ruhusa alikuwa Shangazi Therese, dada wa marehemu baba. Mama alifariki nikiwa na miaka sita, na huyu ndiye aliyenilea. Hakujaliwa mtoto. Mume wangu alipofariki alikuja kunifariji kwa siku arobaini, akaleta kitanda chake, na hadi leo anafariji. Ana miaka sabini na minane na hasikii vizuri, isipokuwa ukinong'ona.

Adelard aliharibu tangu mwanzo. Kabla hajapeleka kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa Shangazi, kama inavyotakiwa, alipitia kwa katekista Athanasi kuulizia tarehe za ndoa. Kwake lilikuwa jambo la fundi kupanga kazi. Lakini Athanasi akanipongeza hadharani mlangoni mwa kanisa, Shangazi akiwa pembeni yangu anafunga kanga. Rubisi ilipofika hatimaye, aliinywa yote, akapangusa mdomo akasema, "Nimekubali. Maana nasikia mimi ndiye wa mwisho kuambiwa."

Tangazo la kwanza la ndoa likasomwa kanisani, watu wakageuka kunitazama. Tangazo la pili likasomwa, wakageuka kumtazama Shangazi, kwa sababu siku hiyo alipiga chafya kubwa palepale Athanasi aliposema mwenye kujua kizuizi chochote aseme. La tatu lilikuwa lisomwe Jumapili inayofuata. Jumamosi yake, jumuiya yetu ikapanga safari ya kwenda kutembelea kikale, yaani nyumba ya wafalme wa zamani wa Karagwe, ile ya nyasi ambayo wageni husafiri kutoka mbali kuja kuipiga picha na sisi wa hapa hatujawahi kuingia.

Adelard aliposikia neno nyumba, akaomba nafasi. Shangazi aliposikia Adelard anakwenda, akavaa viatu.

"Wewe unakwenda kufanya nini?" nikamuuliza. "Juzi ulisema magoti hayataki hata kufika kisimani."

"Wachumba hawapandi gari moja bila mtu wa kuwaangalia."

"Shangazi, nina wajukuu wawili Mwanza."

"Ndiyo maana, Edith. Mtu mzima akiharibu, aibu yake ni kubwa."

Tukaenda, yeye akiwa amekaa katikati yetu na mkoba wake mapajani.

Sikutegemea kikale kinishtue, lakini kilinishtua. Nilikuwa nimezoea picha zake kwenye kalenda, ambako kinaonekana kama kichuguu. Ukisimama mbele yake ni kitu kingine. Nyasi zinaanzia kileleni, juu kuliko miti ya uani, zinashuka mduara kwa mduara hadi zinagusa ardhi, zimekatwa sawasawa ungedhani zimechanwa asubuhi ile. Mlangoni zimeinuliwa kidogo, kama ukingo wa kofia. Nilisikia fahari ambayo sikuwa nimeifanyia kazi yoyote.

Aliyetupokea alikuwa Mwalimu Protase, mstaafu, ambaye anaongoza wageni akiwa na fimbo ndefu ya kuonyeshea na bado anasubiri mtu anyooshe mkono kabla ya kuuliza swali. Adelard hakunyoosha.

"Ukuta uko wapi?"

"Hakuna ukuta," Mwalimu akasema. "Paa ndilo ukuta."

"Msingi je?"

"Hakuna msingi."

Adelard alizunguka ile nyumba mara mbili peke yake. Aliporudi alikuwa na uso wa mtu aliyeambiwa kwamba shule aliyosoma haikusajiliwa.

Ndani tuliingia tumeinama, maana mlango ule haukujengwa kwa ajili ya watu kuingia wamejidai. Kulikuwa na baridi nzuri na harufu ya nyasi na moshi wa zamani. Mwalimu akaelekeza fimbo juu, tukaona matete yaliyofungwa kwa kamba, duara ndani ya duara, kuanzia dogo kama sahani huko kileleni hadi makubwa kabisa yanayozunguka nyumba nzima. Hakuna msumari hata mmoja. Akaeleza kwamba mafundi walianzia kileleni. Duara la kwanza lilifungwa likiwa chini, kisha likainuliwa kidogo, likaongezwa la pili, likainuliwa tena, hadi nyumba ikafika.

"Nyumba inaanzia juu?" Adelard akauliza, taratibu, kama anayeuliza habari za ugonjwa.

"Wewe ndiye wa kushangaa?" Shangazi akasema. "Si ulianzia kwa Athanasi?"

Wanawake wa jumuiya wakacheka hadi Mwalimu akagonga fimbo chini. Adelard naye akacheka, lakini mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye matete. Alitaka kujua ile kamba imepitaje. Akaingiza kidole gumba kwenye fundo, akavuta, akatoka na kidole kinachovuja damu.

"Huwa tunaomba wageni wasiguse," Mwalimu Protase akasema, bila kumtazama mtu.

Sasa nisimulie lile lililotokea, na nilisimulie bila kujipendelea. Mwalimu alileta kikapu kidogo chenye mfuniko, ndani kukiwa na kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani ya porini, ikaanikwa. Ndivyo mgeni anavyokaribishwa kwetu, na ndivyo alivyokaribishwa kikale. Kikapu kikazunguka. Tulikuwa wengi, na Deodatha, mwenyekiti wetu wa jumuiya, huchota kahawa kama anachota maharage. Kilipofika kwangu lilikuwa limebaki tunda moja. Adelard, aliyekuwa baada yangu, hakupata kitu.

"Tugawane," akasema.

Akalichukua mkononi mwangu, akalipasua kwa ukucha wa kile kidole gumba, zikatoka punje mbili. Moja akanipa. Moja akatia mdomoni. Ile niliyopewa ilikuwa na alama nyekundu. Niliiona. Sikutaka kumfedhehesha mbele ya watu kwa kuifuta, nikaitafuna.

Vichwa vyote vikatugeukia.

Kila mtoto wa Karagwe anajua maana ya punje mbili za tunda moja. Zamani, watu wawili wakitaka kuwa ndugu wa damu, walichanjana, wakapaka damu kwenye zile punje, kila mmoja akala ya mwenzake. Huo ndio omukago. Ukishaula, yule ni ndugu yako kuliko uliyezaliwa naye. Hamgombani, hamnyimani, na hamuoani. Adelard wazazi wake walitoka Rwanda, yeye alizaliwa Nkwenda katikati ya watu wa kwao, hakuwa na namna ya kujua. Mimi nilijua. Ila wakati ule nilikuwa naangalia mikono ya mchumba wangu, na hilo ndilo kosa langu lote.

Shangazi Therese akatutazama mmoja baada ya mwingine.

"Mmeona wote," akawaambia wenzetu, kwa sauti ya upole ambayo sikuipenda.

Njia nzima ya kurudi nilitaniwa. Deodatha alinipongeza kwa kupata kaka mkubwa tena fundi. Mwingine akauliza kama zile sufuria walizoninunulia za harusi warudishe dukani. Nilicheka nao, kwa sababu ukinuna kwenye utani ndiyo umewapa ushindi. Shangazi peke yake hakucheka. Alitazama nje hadi Ihembe.

Adelard alikuwa ameacha pikipiki yake kwangu, kwa hiyo akaingia kunywa chai kabla ya safari ya Nkwenda. Jua lilikuwa bado juu ya migomba. Shangazi akamngoja ameze tonge la kwanza la kiazi.

"Kesho nitawahi kwa Athanasi kabla ya misa," akasema. "Nina kizuizi."

"Kizuizi gani?" nikauliza, ingawa nilikijua.

"Mmekula omukago. Ndani ya kikale. Na damu ilikuwepo. Ndugu hawaoani."

"Shangazi, Athanasi atakucheka. Kanisa halina kizuizi cha kahawa."

"Acheke. Nikishasema, nani wa ukoo atakuja kwenye harusi yako? Utakwenda na Athanasi?"

Hapo alinipata, na alijua. Ningeweza kuolewa bila ukoo. Bila yeye nisingeweza. Mwanamke aliyenifunga kanga ya kwanza angebaki nyumbani siku ya harusi yangu, na mimi ningekuwa mbele ya altare natafuta uso wake. Nilikasirika. Nikamwambia ni mzee mwenye roho mbaya. Nikamwambia ananionea wivu. Maneno hayo niliyasema mimi, kwa mdomo huu, na yeye akayasikia yote bila shida ya masikio.

Adelard akaweka kikombe chini.

"Shangazi, nisamehe kwanza. Kwetu watu wa kuchanjiana hunywa. Hili la kutafuna sikulijua."

"Sheria haiulizi kama ulijua."

"Sawa. Basi mimi ni ndugu yake Edith."

"Ndiyo."

"Na wewe utakuwa nani kwangu?"

Shangazi akasita kidogo. "Shangazi yako."

"Ndugu wa omukago akiomba kitu, ananyimwa?"

"Hanyimwi. Ndiyo sheria yake."

Nikajua amempata. Nikasema moyoni, kumbe fundi wangu ana akili hivi. Sasa ataniomba mimi, na huyu bibi atakosa pa kutokea. Nikakaa vizuri kwenye kiti nisikie nikiombwa.

"Basi naomba uhamie kwangu Nkwenda," Adelard akasema. "Kama harusi imekufa, imekufa. Lakini nimeshapata shangazi, siwezi kumwacha Ihembe peke yake."

Birika lilikuwa karibu na mkono wangu, na namshukuru Mungu kwamba lilikuwa la moto, halishikiki, maana ningelirusha. Nilimtazama yule mwanaume nikashindwa kujua kama ni mjinga au ananidharau. Nikageuka kwa Shangazi ili tumshangae pamoja.

Shangazi alikuwa analia. Hakuwa analia kwa sauti. Machozi yalikuwa yanapita kwenye mikunjo ya uso bila yeye kuyafuta, na mikono yake ilikuwa imeushika mkoba kama bado tuko garini.

"Hakuna aliyeniuliza," akasema. "Tangazo la kwanza, nikangoja. La pili, nikangoja. Nikasema labda Edith ataniuliza: na wewe je, Shangazi? Akaniambia kuhusu sufuria."

Nilitaka kujitetea. Nilikuwa nimempangia. Dusabe, jirani yetu anayelima vibarua, angekiangalia kibanja, angemletea maji na kuni asubuhi na jioni, na mimi ningekuja kila mwezi. Nilikuwa nimejiona nimefanya jambo la maana sana. Nilifungua mdomo kuusema mpango wangu, nikausikia jinsi ulivyo, nikaufunga.

"Nisamehe," nikasema.

"Naogopa," akajibu. "Nimekuwa nikikusikia unakohoa chumba cha pili kwa miaka tisa. Naogopa nyumba isiyokohoa."

Adelard ndiye aliyerudi kwenye hoja, kwa sababu fundi haachi kazi nusu.

"Na kama usiposema kizuizi? Nikawa mkwe wako tu. Huwezi kuja?"

"Mkwe?" Shangazi akajifuta macho kwa ncha ya kanga, na sauti yake ikarudi. "Mimi ndiye mama yake huyu. Nilale chini ya paa la mkwe wangu? Nikutane naye asubuhi anatoka kuoga? Nife kwanza."

"Hata kwetu ni hivyo," Adelard akakubali.

"Basi umeelewa. Nikikuita mkwe, nampoteza Edith. Nikikuita ndugu, Edith anampoteza mume. Tangu tangazo la kwanza silali, nageuza hilo jambo. Leo mkala kahawa, nikasema Mungu amenichagulia."

"Paa langu," Adelard akasema.

"Nini?"

"Umesema chini ya paa langu. Paa ndilo linalokuzuia. Si uwanja."

"Uwanja ni uwanja tu. Kuku wanakaa uwanjani."

Akainuka, akaenda kwenye pikipiki, akarudi na futi kamba na kipande cha penseli. Nikajua tumekwisha. Akamwomba Shangazi asimame, akampima kwa macho, akaandika kitu kwenye kiganja chake, karibu na lile jeraha la kijinga.

"Nakujengea nyumba yako. Chumba, sebule, jiko. Paa lako, mlango wako. Upande wa chini, penye mparachichi. Naanza baada ya harusi, namaliza kabla ya mvua."

"Huyu alijenga choo wiki tatu," nikamwambia Shangazi.

"Wiki tatu alikuwa hajengi choo," akanijibu, kisha akamgeukia Adelard. "Mlango usitazame wako."

"Utatazama mashariki."

"Na dirisha lako lisinione nikipika."

"Halitakuona."

"Nyasi sitaki. Umeniona leo nikisifu nyasi? Zile ni za wafalme, walikuwa na watu wa kuzibadilisha. Mimi nataka bati. Mvua ikinyesha niisikie."

Adelard akaandika bati. Shangazi akaketi, akavuta kikombe chake cha chai kilichokuwa kimepoa, akanywa.

"Ile punje uliyokula wewe," akamuuliza, "ilikuwa na damu ya Edith?"

"Hapana. Edith hakujikata."

"Basi umemlisha damu yako, yeye hakukulisha yake. Omukago wa upande mmoja haujawahi kufunga mtu."

Nikamtazama. "Ulijua tangu kule kikale."

"Nilijua tangu kabla hujazaliwa."

"Na ungeniacha nilie usiku kucha?"

"Ungelia kidogo," akasema. "Mimi nimelia matangazo mawili."

Jumapili kanisa lilijaa kuliko Pasaka. Deodatha alikuwa amefanya kazi yake. Hakuna aliyekuwa hajasikia kwamba Therese ana kizuizi. Waliokaa nyuma siku zote walikuwa mbele. Adelard alifika kutoka Nkwenda na shati la mikono mirefu, akakaa upande wa wanaume, na nikaona anatazama juu, kwenye kenchi za paa la kanisa.

Athanasi akasoma tangazo la tatu, kati ya Adelard Niyonsenga wa Nkwenda na Edith Rweyemamu wa Ihembe. Akasema mwenye kujua kizuizi chochote aseme. Kisha akavua miwani, akangoja, jambo ambalo hajawahi kulifanya kwa tangazo la mtu mwingine yeyote.

Shangazi akasimama. Tulikuwa hatujakubaliana hivyo. Nilimvuta kanga, akaniondoa mkono. Alichukua muda kunyoosha magoti, na kanisa zima likamsubiri.

"Kizuizi sina," akasema. "Nina nyongeza. Andika, Athanasi, kwamba anayehamia Nkwenda si Edith peke yake. Nahamia na mimi, kwenye nyumba yangu. Mwenye kizuizi na hilo naye aseme sasa."

Akawatazama, benchi kwa benchi, hadi upande wa wanaume. Hakuna aliyesema. Akaketi, akanipa mkono wake niushike.